Malaria Haipandi Kichwani: Kitenzi, Kipokezi na Maana

Naomba tuanze na kitenzi kimoja. Mtoto mwenye homa kali akipoteza fahamu, wengi wetu husema malaria “imepanda kichwani”. Kitenzi hiki huchora msafiri anayekwea kuelekea ubongoni. Biolojia huchora picha nyingine: ya kunata.

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikikomaa ndani ya seli nyekundu ya damu, huweka juu ya uso wa seli hiyo protini iitwayo PfEMP1. Seli za ukuta wa ndani wa mishipa nazo zina protini zilizochomoza nje, yaani vipokezi. Maumbo ya protini hizo mbili yakiafikiana, hushikana. Seli iliyoambukizwa hukwama mshipani, isifike kwenye wengu ambako ingeangamizwa. Zikikwama nyingi katika vishipa vya ubongo, damu hupita kwa shida na mtoto huzimia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia pia vimelea kutoka kwa watoto wa Tanzania, ulihusisha malaria kali na kipokezi kiitwacho EPCR. Kazi halali ya EPCR ni kuishika protini C, inayozuia damu kuganda ovyo na kuulinda ukuta wa mshipa. Kimelea kikikikalia, ulinzi huo hupungua.

Hapa ndipo isimu inapoingia. “Kipokezi” limetokana na kupokea. Huashiria mwenyeji anayemkaribisha mgeni aliyetarajiwa. Neno limekwisha kuzoeleka, nami silipingi. Napendekeza tuchague vema vitenzi vinavyoandamana nalo: kipokezi hushika, protini hunata, kimelea hudandia kilichowekwa kwa kazi nyingine.

Je, huu ni ubishi wa maneno tu? La. Katika jamii zetu nyingi degedege limehesabiwa kuwa ugonjwa wa mashetani, mbali na homa, na mtoto akacheleweshwa kufikishwa hospitali. “Kupanda” huacha mwanya huo: homa ilikuwa mwilini, sasa kuna jambo jingine kichwani. “Kunata” huonyesha kwamba homa ya jana na kuzimia kwa leo vyaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Mama wa Mbuba, wilayani Ngara, anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani na kuelezwa ugonjwa kwa Kiswahili zahanati, anastahili kupewa kitenzi kisichompoteza. Kumpatia ni kazi yetu wanaisimu.