Wavu wa Hesabu: Tarakilishi, Bahari na Kuta za Mji wa Kale wa Mombasa

Utangulizi

Uhandisi ni taaluma ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huiona kuwa ya wengine. Mhandisi huandika ripoti yake kwa Kiingereza, huijaza majedwali na michoro ya rangi iliyotolewa na tarakilishi, na mkazi wa mahali panapohusika huambiwa tu kwamba mashine imekwisha kupiga hesabu. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba hesabu hiyo haina uchawi ndani yake. Inaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu hatua kwa hatua, na pasipo maelezo hayo mkazi hukosa uwezo wa kuihoji. Tutatumia mfano wa Kisiwa cha Mombasa na Mji wake wa Kale, ambako bahari, jiwe la matumbawe na makazi ya watu yamekaa pamoja kwa karne nyingi.

Tatizo lenyewe

Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kaskazini yake umeenea Mji wa Kale pamoja na barabara yake mashuhuri ya Ndia Kuu, jina ambalo bado limehifadhi matamshi ya Kimvita.

Mwamba wa matumbawe ni jiwe, lakini ni jiwe lenye vitundu vingi. Wimbi linapoupiga kwa chini huula polepole, hutoboa mapango, na sehemu ya juu hubaki ikining'inia bila mhimili. Kwa sababu ya hatari hiyo, ukuta wa kukinga mawimbi ulijengwa mbele ya ngome mwishoni mwa muongo wa 2010. Hata hivyo, ukuta wowote wa bahari huzua maswali yake. Nguvu ya wimbi haipotei kwa kukutana na ukuta. Sehemu yake hurudi baharini, nyingine huchimba mchanga mguuni mwa ukuta, na nyingine yaweza kuelekea ufuo wa jirani. Basi ukuta uwe na kimo gani? Uwe wima au wenye mteremko? Na jirani atapata nini? Maswali ya namna hii hayawezi kujibiwa kwa kujenga na kubomoa. Ndipo mhandisi anapotafuta mahali pa kukosea bila hasara, yaani ndani ya tarakilishi.

Jinsi wavu unavyofanya kazi

Kanuni zinazotawala mwendo wa maji zilikwisha kuandikwa katika karne ya 19. Ugumu hauko katika kuzijua, bali katika kuzitumia mahali penye umbo lisilo sawa. Pwani ya Mombasa ina ncha, ghuba, mikoko na kina kinachobadilika kila hatua. Hakuna mlinganyo mmoja unaoweza kulimeza umbo hilo lote kwa mkupuo. Kwa hiyo mhandisi hulitandazia eneo zima wavu wa kidhahania, mithili ya mvuvi anayetandaza jarife, kisha hupiga hesabu katika kila jicho la wavu peke yake.

Katika kila jicho huandikwa tarakimu tatu: kimo cha maji, kasi yake kuelekea mashariki au magharibi, na kasi yake kuelekea kaskazini au kusini. Kisha tarakilishi huuliza swali lile lile katika kila jicho: kwa muda wa sekunde chache zijazo, maji kiasi gani yataingia kutoka macho jirani na kiasi gani yatatoka? Jibu likipatikana, saa husogezwa mbele kidogo na swali huulizwa upya.

Tuchukue eneo la kilomita 5 kwa kilomita 2. Ikiwa kila jicho lina upana wa mita 10, tutapata macho 500 kwa 200, yaani 100,000. Tukitaka kuona undani zaidi na kupunguza upana hadi mita 5, macho yatakuwa 400,000. Tena, kwa kuwa maji huvuka jicho dogo kwa muda mfupi zaidi, ni lazima hatua za saa nazo zipunguzwe kwa nusu. Kazi yote huongezeka mara 8. Hii ndiyo sababu mashine zenye nguvu kubwa zinahitajika: si kwamba swali ni la ajabu, bali kwamba swali dogo huulizwa mamilioni ya mara.

Bamvua katika lugha ya tarakimu

Wavu peke yake hauna uhai. Ni sharti uambiwe kinachotokea ukingoni mwake, pale bahari kuu inapoingilia eneo linalochunguzwa. Mombasa, jambo kubwa la ukingoni ni maji kujaa na kupwa, ambayo hutokea takriban mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyopwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua sana.

Mabaharia wa pwani wamezijua nyakati hizi kwa kuhesabu siku za mwezi. Hesabu ya kisasa inaeleza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mvuto wa mwezi huleta wimbi pana linalorudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Mvuto wa jua huleta wimbi dogo zaidi linalorudi kila baada ya saa 12 kamili. Kwa kuwa mawimbi hayo hayaendi sambamba, mara hupatana na kuongezana nguvu, mara hupingana. Muda wa kutoka kupatana kumoja hadi kwingine ni takriban siku 14 na robo tatu. Kupatana huko ndiko bamvua, na kupingana huko ndiko maji mafu. Katika miaka ya 1870, mwanasayansi William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyojumlisha mawimbi ya aina hii na kuchora maji ya siku zijazo. Tarakilishi za leo hufanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua, lakini wazo ni lile lile.

Manufaa ya hesabu hizi hayaishii ngomeni. Kisiwa hiki kimetegemea vivuko kwa muda mrefu. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea la Nyali, ambalo mwaka 1980 nafasi yake ilichukuliwa na daraja la saruji. Mwanzoni mwa mwaka 2021, daraja jingine la kuelea, la waenda kwa miguu, lilifunguliwa kati ya Liwatoni na Likoni. Daraja linaloelea hupanda na kushuka pamoja na maji, na husukumwa ubavuni na mkondo. Mhandisi asiyejua kimo cha bamvua na kasi ya mkondo hawezi kujua urefu wa ngazi za kuingilia wala nguvu ya nanga.

Kutoka majini hadi kutani

Mbinu ya kugawa inatumika pia kwa vitu visivyotiririka. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa ndege waliigawa mabawa kuwa vipande vidogo ili kujua kila kipande kinabeba mzigo gani, na mwaka 1960 Ray Clough aliipa mbinu hiyo jina lake la kitaaluma, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita mbinu ya vipande vyenye kikomo. Leo mbinu hiyo hutumika kupima madaraja, mabwawa na majengo ya kale.

Tuitazame nyumba ya Mji wa Kale kwa jicho hilo. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao kwa kawaida hauzidi sana mita 3. Ukuta wa namna hii hustahimili sana kukandamizwa lakini haustahimili kuvutwa. Aidha, hunywa maji ya chumvi na kuyatoa kama mwili unaotoa jasho. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukauka na kuganda ndani ya jiwe, na jiwe humeguka. Programu iliyotayarishwa kwa ajili ya chuma au zege haiyajui hayo mpaka iambiwe. Na anayeyajua ni fundi aliyezoea kuoka, kuzima na kulaza chokaa. Kwa hiyo maarifa ya fundi si pambo la kiutamaduni. Ni data ambayo hesabu hukosea bila hiyo.

Maswali matatu ya mwananchi

Kutokana na maelezo haya, mtu asiye mhandisi anaweza kuihoji ripoti yoyote kwa maswali matatu. Kwanza, wavu una macho ya ukubwa gani, na je, mtaa wangu umo ndani yake au umeachwa nje? Pili, ukingoni mlitia vipimo vipi: vya Mombasa yenyewe au vya kukisia, vya bamvua au vya maji mafu? Tatu, majibu ya tarakilishi yalilinganishwa na nini kilichopimwa kwa mkono? Mchoro wa rangi unaweza kupendeza na huku umekosa majibu ya maswali yote matatu.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Lakini ushiriki wa mtu aliyesomewa istilahi asizozielewa ni wa kuhesabiwa vichwa tu. Mvuvi anayetia chombo karibu na ngome aweza kuwa shahidi bora wa mahali mkondo ulipohamia baada ya ukuta kujengwa. Akikosa lugha ya kuufikishia ushahidi wake mezani, hesabu itapoteza kipimo kisichopatikana kwingine.

Hatuanzi patupu. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tumebishana vya kutosha kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Pendekezo la makala haya ni kwamba tuanze na msamiati ulioko kazini: wavu na jicho lake, jarife, bamvua, maji mafu, mkondo, boriti, chokaa. Maneno haya yanabeba dhana ambazo mhandisi anazihitaji, na wenyewe wangali wanayatumia.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kila kielelezo cha tarakilishi ni maji ya kifuu: ni bahari iliyopunguzwa ili iweze kuchunguzwa. Kina manufaa makubwa maadamu aliyekitengeneza anakumbuka kuwa si bahari yenyewe, na maadamu anayeishi kando ya bahari yenyewe anaweza kumkumbusha. Ni juu yetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kukaa na wahandisi, mafundi na wavuvi ili ukumbusho huo upate lugha kabla ukuta mwingine haujajengwa.