Fisi wa Njia Panda na Fisi wa Mulango

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, moto umekolea. Jana mmoja wenu aliniuliza, "Susu, mbona katika kila ngewa fisi ndiye mjinga?" Nikalala na swali hilo.

Mnaikumbuka ngewa yenyewe, yaani hadithi yenyewe. Fisi alinusa nyama, akaifuata harufu hadi njia panda. Harufu ikaja huku, ikaja na kule. Akakanyaga njia hii kwa miguu ya kushoto, ile kwa miguu ya kulia, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka katikati. Imeisha!

Imekuwa fupi kwa sababu fisi hahitaji kuelezwa. Nikiwasimulia habari za mtu, mtataka kujua ni nani, mwana wa nani, ana hulka gani. Nikisema "fisi" tu, mmeshaliona tumbo. Nikisema sungura, mmeona akili ya mnyonge. Na iimu, yaani zimwi, ni hatari inayoweza kuja na sura ya kijana mtanashati. Hata njia panda ina kazi yake: msikilizaji akiisikia anajua kuna mtu atakayelazimika kuchagua. Mwandishi wa hadithi fupi hana kurasa za kuchezea, kwa hiyo huziazima sura hizi za kale. Shuleni mnafundishwa kuziita taashira.

Ila taashira haivaliwi kama sare ya shule, ile ile kila siku. Pale Mulango, si mbali na Kitui mjini, mwaka 1931 alizaliwa mtoto wa kiume anayejulikana kwa jina la Mbiti. Na mbiti, kwa Kikamba, ni fisi. Mzazi gani humwita mwanawe mlafi? Kumbe jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa akapona baada ya waliomtangulia kufariki. Zamani, maiti za watu wa kawaida ziliachwa porini, na fisi ndiye aliyezila. Mimi nalisoma jina hilo hivi: kifo kikibisha hodi, kiambiwe huyu ameshaliwa, kigeuke kiende zake.

Mnyama ni yule yule. Kwenye njia panda alikuwa tamaa, hapa amekuwa ngao. Kwa hiyo mkikutana na fisi, mbuyu au mto mkavu ndani ya hadithi, msikimbilie kuuliza maana yake ni nini. Ulizeni kwanza mwandishi amemweka hapo afanye nini.

Mtoto wa Mulango ndiye John Mbiti. Mwaka 1954 alichapisha *Mutunga na Ngewa Yake* kwa Kikamba, kisha akakusanya ngewa za wazee wetu, na mwaka 1966 zikatoka Oxford katika kitabu *Akamba Stories*. Kifo kilikuja kumchukua Oktoba 2019, huko Uswisi, akiwa na miaka 87.