Tuwaelewe Madereva wa Malori

Kwaya na kamati zetu, pamoja na wafadhili wanaotembelea miradi, husafiri mara nyingi katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Tukiwa ndani ya gari dogo, lori lililo mbele huonekana kuwa kikwazo tu. Kwa dereva wake mambo ni tofauti.

Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu malori makubwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori husogea mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki. Ndiyo maana dereva huacha nafasi mbele yake. Tukijipenyeza hapo, tumemnyang'anya nafasi ya kusimama. Katika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, hushuka polepole kwa gia nzito ili breki zisipate moto zikashindwa kushika. Tena, usipoviona vioo vyake, naye hakuoni.

Tunaziomba kamati za parokia zikubaliane na dereva kabla ya safari: asiharakishwe, wala asilipite lori kwenye kona. Kawia ufike.