Ultrasaundi Kando ya Kitanda Yasaidia Kugundua Damu Inayovuja Tumboni

Majeruhi wa ajali ya bodaboda anaweza kufika hospitalini akizungumza, bila jeraha kubwa la nje, ilhali anavuja damu ndani ya tumbo. Kuchelewa kuigundua huhatarisha maisha yake.

Ndiyo maana madaktari wa dharura hutumia mashine ndogo ya ultrasaundi pale pale kitandani. Daktari hupaka jeli, kisha huchunguza sehemu nne: moyo, kati ya ini na figo ya kulia, karibu na wengu upande wa kushoto, na nyuma ya kibofu. Damu iliyokusanyika huonekana nyeusi kwenye skrini. Uchunguzi huu huchukua dakika chache na hautumii miale, hivyo hata mama mjamzito hufanyiwa. Damu ikionekana na presha ikiwa imeshuka, mgonjwa hukimbizwa chumba cha upasuaji.

Hata hivyo, damu kidogo au jeraha la utumbo huenda lisionekane mwanzoni. Wakazi wanahimizwa wasimwondoe majeruhi aliyeambiwa asubiri kupimwa tena. Akiruhusiwa kwenda nyumbani kisha aumwe na tumbo, apate kizunguzungu au azirai, arudishwe hospitalini mara moja.