Elimu ya Chakula Si Mchezo

Kijana wa Kasenga anapofaulu mtihani wa Serikali na kumaliza sekondari, jamaa nzima humwuliza atasomea nini. Akijibu "uganga", wote hushangilia. Akijibu "sheria", husifiwa. Lakini akijibu kwamba ataka kusomea lishe, yaani elimu ya chakula na kazi yake mwilini, wengine hucheka: "Karo yote hiyo ya kujifunza kula? Kwani mama yako hakukufundisha?"

Swali hilo lastahili jibu la haki, kwa maana wako wazazi wanaouza hata mbuzi wa mwisho ili mtoto aende chuoni. Tuone basi mtaalamu wa lishe hufanya nini, na masomo yake ni yapi.

MTOTO ALIYEDHOOFIKA

Watu wa Kivu waujua ugonjwa wa bwaki. Miguu ya mtoto huvimba, nywele zake hugeuka rangi na kuwa nyekundu-nyekundu, ngozi humbanduka, naye huacha kucheza. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliueleza ugonjwa huo kutoka Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Mwaka 1935 akautangaza kwa jina la Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeachishwa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Mama wa Kighana walikuwa wameijua habari hiyo kabla ya madaktari. Hapa kwetu, wataalamu wa Lwiro, karibu na Bukavu, katika taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, waliuchunguza pia.

Sasa fikirini: mtoto wa namna hiyo afikishwa hospitalini. Nyanya yake, kwa huruma kubwa, ampa sahani tele ya ugali na samaki ili apate nguvu upesi. Huruma hiyo yaweza kumwua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu umekwisha punguza kazi ya moyo, ini na figo. Chakula kingi na chumvi nyingi vikiingia kwa ghafula, moyo hushindwa. Kwa hiyo mtoto aliye taabani huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, mchana na usiku. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo huhamishiwa polepole kwenye maziwa ya F-100 au chakula kingine cha tiba. Apewe kiasi gani? Mara ngapi kwa siku? Abadilishiwe lini? Kujua majibu hayo ni elimu, nayo haipatikani kwa kubahatisha.

CHUNGU CHA NYUMBANI

Wala kazi hiyo haiishii hospitalini. Ziwa Tanganyika latupa ndagala, na bonde la Ruzizi latoa mpunga, mahindi na mihogo. Mtaalamu wa lishe huvitazama vyakula hivyo kwa macho mengine. Ajua kwamba ndagala akiliwa mzima pamoja na mifupa yake huujenga mwili na mifupa ya mtoto. Ajua kwamba maharage na mahindi hukamilishana, kila kimoja kikiongeza kile kilichopungua katika mwenzake. Ajua kwamba wekundu wa mawese ni dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho. Naye apikaye mawese mpaka yawe meupe, amekiharibu kitu hicho.

Tena ajua hatari. Mihogo michungu ina sumu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza habari za ugonjwa wa konzo, ulioonekana Kwango: watu hupooza miguu kwa ghafula wasipone tena. Baadaye ilijulikana kwamba huwapata hasa wale walao mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, huku wakikosa kitoweo. Siku zile tatu za kuloweka, ambazo mama zetu walizirithi kwa bibi zao, si desturi tu bali ni kinga.

Lakini tusiseme kwamba kila njaa ni ujinga. Mwezi wa Aprili 2020 mafuriko yalipobomoa nyumba nyingi za Uvira, watu walikosa chakula kwa sababu walikosa kila kitu. Mtaalamu amwambiaye mama mwenye dhiki, "Nunua nyama, mayai na maziwa," hajamsaidia neno. Yampasa kwanza aulize: "Mama, leo chunguni mna nini?" Kisha aanzie hapo: sombe, lengalenga, konzi ya ndagala, kijiko cha mawese. Elimu yake hupimwa kwa chungu cha maskini kuliko kwa karatasi ya mtihani.

NJIA YA MASOMO

Atakaye kazi hii ashike sana kemia, biolojia na hesabu. Chuoni atajifunza jinsi mwili unavyosaga na kutumia chakula, magonjwa ya watoto, kisukari, shinikizo la damu na figo. Kisha atatumwa hospitalini kufanya kazi chini ya uangalizi. Kongo, katika mpango wa masomo uitwao LMD, lisansi ni miaka 3 na masta miaka 2 zaidi. ISTM ya Kinshasa ina masomo ya lishe. Ng'ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, Tanzania, nacho hufundisha lishe ya binadamu.

Nchi nyingine zadai pia kuandikishwa. Kenya ilitunga sheria mwaka 2007 ya kuwaandikisha wataalamu hao, ili mtu yeyote asijipachike jina hilo. Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, tangu 1 Januari 2024 atakaye kuufanya mtihani wa kuandikishwa sharti awe na shahada ya masta, na kabla yake amalize saa zisizopungua 1,000 za mazoezi ya kazi. Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla ya kulipa karo uliza mambo mawili: Je, shahada ya chuo hiki yatambuliwa na Serikali? Na nchi nitakayofanyia kazi yadai nini?

Nanyi wazazi, binti yenu asemapo kwamba ataka kusomea lishe, msimcheke. Mganga humpokea mtoto akiisha ugua. Huyu aweza kumfikia mapema, utepe wa kupimia mkono wake unapoonyesha chini ya milimita 125, kabla haujashuka chini ya 115, penye hatari kubwa ya kifo. Kati ya alama hizo mbili mna milimita 10 tu. Ndani ya nafasi hiyo nyembamba, mtu mwenye elimu aweza kumrudishia mama mtoto wake.