Sekunde saba za leveli ya 22

Seremala mfupi mwenye masharubu amesimama chini ya jengo la vyuma lililopindapinda. Juu, sokwe Donkey Kong ameshaanza kubingirisha mapipa. Kileleni kabisa, mwanamke anapunga mikono akiomba kuokolewa. Mchezaji ameketi mbele ya mashine hii kwa zaidi ya saa mbili, kwa sarafu moja tu. Anamkimbiza seremala kuelekea kulia, anamrusha juu ya pipa, anaiwahi ngazi. Hajafika popote. Pipa halijamgusa, moto haujamgusa, lakini ghafla seremala anapinduka, anazunguka na kuanguka chali. Amekufa. Tangu skrini ifunguke zimepita kama sekunde saba.

Kama mchezaji ana maisha ya akiba, seremala atasimama tena, akimbie tena, na kufa vilevile. Yakiisha, mchezo umekwisha.

Hii ndiyo leveli ya 22 ya Donkey Kong, mchezo ambao kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa mwaka 1981. Ukihesabu kila skrini tangu mwanzo, hii ni ya 117. Wachezaji wanaiita skrini ya kifo. Niliiona kwa mara ya kwanza katika filamu ya Seth Gordon ya mwaka 2007, The King of Kong. Filamu yenyewe inahusu ushindani wa kuwania rekodi, lakini kilichoning'ang'ania baada ya kuitazama ni namba ile. Kwa nini 22? Kwa nini mashine iliyomvumilia mtu kwa leveli 21 imgeuke hapo hapo, wala si mapema wala si baadaye?

Historia ya mchezo wengi wanaijua. Nintendo ilikuwa na mashine za Radar Scope zilizododa Marekani, ikamkabidhi msanii kijana, Shigeru Miyamoto, kazi ya kubuni mchezo mpya wa kuingizwa ndani yake. Seremala wake, aliyejulikana kama Jumpman, ndiye dunia inayemwita leo Mario. Hayo yamesimuliwa sana. Leveli ya 22 haimo katika masimulizi hayo, kwa sababu hakuna aliyeibuni. Ilizaliwa na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila skrini huanza na bonasi inayopungua kadiri muda unavyokwenda. Bonasi hiyo ndiyo saa ya mchezo pia: ikifika sifuri, seremala hufa. Leveli ya kwanza hupewa 5,000, ya pili 6,000, ya tatu 7,000, ya nne 8,000. Ili kupata kiasi hicho programu huchukua namba ya leveli, huizidisha kwa 10, kisha huongeza 40. Leveli ya kwanza inatoa 50, yaani mamia 50, yaani 5,000. Kuanzia leveli ya tano hesabu ingetoa zaidi ya 80, kwa hiyo waandishi wa programu waliweka kikomo: jibu likizidi 80, lihesabiwe kuwa 80. Hivyo mchezaji hupewa 8,000 katika leveli ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Huo ndio utaratibu, na ni mzuri.

Lakini jibu hilo huhifadhiwa ndani ya baiti moja, na baiti moja haiwezi kubeba namba iliyo juu ya 255. Ikipita hapo hurudi sifuri na kuanza upya, kama kipima maili cha gari kuukuu kinavyomaliza tarakimu zake zote na kuonyesha sifuri tupu. Leveli ya 21 mara 10, jumlisha 40, ni 250. Imepenya. Leveli ya 22 mara 10, jumlisha 40, ni 260. Baiti inazunguka, na kinachobaki ni 4. Kikomo kinaulizwa kama 4 imezidi 80. Haijazidi, basi inaruhusiwa. Mchezaji anapewa mamia manne, yaani bonasi ya 400, mahali alipozoea 8,000.

Kilichonisimamisha hapa ni mpangilio. Ulinzi upo, ila umewekwa baada ya ajali. Waandishi walikumbuka kwamba jibu linaweza kuwa kubwa kupita kiasi, wakalizuia. Hawakukumbuka kwamba linaweza kuwa kubwa hadi likageuka kuwa dogo. Na ukiendelea na hesabu ile ile kwa kalamu, utaona jinsi ukuta huu ulivyo mwembamba. Leveli ya 23 ingetoa 1,400. Ya 24 ingetoa 2,400. Ya 27 ingetoa 5,400, zaidi ya leveli ya kwanza kabisa, na kufikia ya 30 mchezaji angerudishiwa 8,000 zake kamili. Upande wa pili wa ukuta kuna muda tele, lakini mtu anayecheza kwa njia ya kawaida hana namna ya kuufikia.

Programu hiyo haikuandikwa na Miyamoto kwa mkono wake. Kazi ya kuandika msimbo ilifanywa na wahandisi wa kampuni nyingine ya Japani, Ikegami Tsushinki. Baadaye kampuni hizo mbili zilifikishana mahakamani kugombea nani mwenye haki ya msimbo huo. Kesi ilifunguliwa mwaka 1983 na kumalizwa kwa maelewano mwaka 1990. Mchezaji aliyesimama mbele ya mashine hakuona jina la mhandisi hata mmoja.

Hata hivyo, waliacha alama. Ndani ya chipu za Donkey Kong, katika sehemu isiyoonyeshwa kamwe kwenye skrini, kuna ujumbe wa Kiingereza cha kuungaunga. Unampongeza yeyote aliyefika pale, na kumwambia kwamba kama kuichambua programu hii kumemwia vigumu, wao watamfundisha. Kisha unafuata namba ya simu ya Ikegami, pamoja na namba ya ndani ya kumpata mhusika ofisini.

Naurudia ujumbe huu kichwani mara kwa mara. Watu hawa waliwaza kwamba siku moja mgeni angefungua kazi yao, aisome baiti kwa baiti, akwame, atake kuuliza. Walimwandalia hadi simu. Lakini mgeni wa aina nyingine, yule ambaye angeipenda kazi yao kwa kuicheza tu hadi leveli ya 22, hawakumwandalia kitu. Je, kuna aliyewahi kuipiga namba ile? Je, kuna mhandisi aliyejua kuhusu 260 akanyamaza, akiamini hakuna binadamu atakayefika huko? Biashara ya mashine za sarafu ilitegemea wachezaji kushindwa haraka ili watie sarafu nyingine. Kufikiria mtu wa kukaa saa mbili na zaidi kwa sarafu moja kulikuwa sawa na kufikiria hasara.

Watu wa aina hiyo walikuja kuwepo. Mmoja wao, anayebeba filamu ya Gordon kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni Steve Wiebe wa Redmond, jimbo la Washington. Alikuwa ameachishwa kazi Boeing, akageukia ualimu wa sayansi. Mashine ya Donkey Kong aliiweka kwenye gereji ya nyumba yake, na usiku familia ikilala yeye alibaki na mapipa.

Wiebe anavyoonekana katika filamu si mtu wa majigambo. Anaongea polepole, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi wa nyuma naye aelewe. Kwake mapipa si bahati nasibu tu. Yana tabia, na mchezaji anayetulia anaweza kuyaelekeza kwa mahali anaposimama na upande anaoelekeza kishikio. Katika mkanda aliojirekodi mwenyewe, mwanawe mdogo anasikika akimwita kwa sauti amwendee chooni, akimsihi aache kucheza. Baba anamjibu, anamwomba asubiri, mikono haiachi mashine. Mchezo ule ulimpa pointi 1,006,600. Ilikuwa mwaka 2003.

Wasimamizi wa rekodi wakaitilia shaka bodi iliyokuwa ndani ya mashine yake. Badala ya kubishana, Wiebe alisafiri hadi Funspot, ukumbi mkubwa wa michezo ya sarafu katika jimbo la New Hampshire, akacheze mbele ya macho ya watu. Habari ikaenea ukumbini kwamba skrini ya kifo inakaribia. Watu waliacha mashine zao, wakajipanga nyuma ya mgongo wake. Walikuja kushuhudia kosa la kujumlisha, na walikuja kwa heshima, kwa sababu wachache sana waliwahi kuliona kwa macho yao likitokea. Wiebe alifika. Seremala akakimbia sekunde zake chache, akaanguka. Pointi 985,600.

Wikiendi hiyo hiyo ukaonyeshwa pale mkanda wa mpinzani wake, Billy Mitchell, wenye pointi 1,047,200. Uhalali wa mkanda huo ulikuja kubishaniwa vikali miaka mingi baadaye, lakini siku ile ulitosha kumrudisha Wiebe nyumbani akiwa wa pili. Mwaka 2006 alipata 1,049,100.

Tazama namba hizo zilivyobanana. Zinabanana kwa sababu ya leveli ya 22. Mchezo usio na mwisho hushindaniwa kwa uvumilivu: anayeweza kukaa bila kulala ndiye bingwa. Donkey Kong una skrini 116 za kumaliza, na moja ya kufia. Kila mtu hodari hufika mahali pale pale. Basi swali linakuwa: njiani umekusanya nini? Mchezaji hodari haharakii ngazi. Anasubiri mapipa yajikusanye ayaruke mawili kwa pamoja. Anashika nyundo na kuomba kila pipa la buluu analolivunja limpe 800 badala ya 300, kwani mashine huchagua kwa nasibu. Anapima kila wakati: nibaki hapa nichume pointi za mapipa, au nipande kabla bonasi haijayeyuka?

Hata kifo kimepewa bei. Maisha ya akiba hayana kazi ng'ambo ya leveli ya 22, hivyo mabingwa huyatumia mwishoni mwa leveli ya 21. Wanachuma pointi kwenye skrini, wanamwacha seremala afe kwa makusudi, wanaanza skrini ile ile upya, wanachuma tena. Kwa njia hizo rekodi imepanda mno kupita enzi za Wiebe. Mwaka 2016 Wes Copeland alifikisha 1,218,000, na hiyo nayo imeshapitwa. Ukuta haujasogea hata hatua moja. Waliosogea ni watu.

Kosa lenyewe linaweza kuponywa. Don Hodges, mtaalamu ambaye ameichambua misimbo ya mashine nyingi za zama hizo, ameeleza wazi linavyotokea na jinsi ya kulirekebisha. Ni baiti chache tu. Lakini wanaowania rekodi wanaendelea kucheza toleo lenye kosa, na mimi niko upande wao. Wahandisi wa Ikegami waliacha kikomo bila kukusudia, na wachezaji wakakigeuza kuwa kipimo. Ukikiondoa leo, unaziondolea maana pointi zote zilizochumwa chini yake kwa jasho la miaka zaidi ya arobaini. Ninachotamani ni kingine: majina ya walioandika msimbo ule yaandikwe kwenye mashine zinazowekwa makumbusho, kando ya jina la Miyamoto. Kosa ni lao, na uzuri pia ni wao.

Limebaki jambo moja ambalo hesabu haigusi. Katika filamu, binti mdogo wa Wiebe amekaa ndani ya gari na baba yake, wanazungumza kuhusu kitabu cha rekodi cha Guinness. Mtoto anasema kwamba kuna watu huharibu maisha yao ili tu waingie humo. Baba hana la kumjibu. Nimesema niko upande wa wanaoipanda leveli ya 22, na sijabadili msimamo. Lakini mtoto yule hakuzungumzia pointi. Alizungumzia usiku wa gereji, na yeye na nduguye ndio wanaojua usiku huo uliwagharimu nini.