Dawa Juu ya Dawa: Hatari ya Kuchanganya Mitishamba na Vichangamshi

Kasulo, kata ya Wilaya ya Ngara ambayo wasafiri wengi huijua zaidi kwa jina la Benaco, ni mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Nzega, Kahama na Lusahunga hugawanyika, mkono mmoja ukielekea daraja la Rusumo na nchi ya Rwanda, na mwingine ukielekea Ngara mjini hadi Kabanga, mpakani mwa Burundi. Lori linalofika hapo kutoka bandarini limekwisha kukata zaidi ya kilomita 1,200, na dereva aliyelipita pori la Biharamulo usiku anajua kwamba kusinzia kidogo tu kunaweza kumgharimu maisha. Vituo vya namna hii, ambavyo watu wake huhesabu usingizi kuwa hasara, huwa soko la kila kinachodaiwa kuuamsha mwili: kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi inayouzwa kwa kificho, na pembeni yake unga wa mizizi, chupa za mitishamba na vidonge vya virutubisho vinavyonadiwa kwa vipaza sauti kuwa ni tiba ya uchovu, ya maumivu ya mgongo na ya upungufu wa nguvu za kiume.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kimekuwa na mjadala wake kwa miaka mingi, lakini jambo lisilojadiliwa vya kutosha ni kile kinachotokea vinapokutana ndani ya mtu mmoja, kwa siku moja, wakati mwingine kwa saa moja. Muuzaji wa kahawa hajui kilichouzwa na muuzaji wa unga, na muuzaji wa unga haulizi kama mteja wake alitafuna mirungi tangu Kahama. Anayejumlisha hesabu yote hiyo ni moyo.

Vichangamshi ni nini

Kichangamshi ni kemikali inayoharakisha kazi ya mfumo wa fahamu, yaani ubongo na neva zinazouunganisha na viungo vingine, hivyo kwamba mtu hujihisi macho zaidi, mwepesi zaidi na mwenye nguvu kuliko alivyo kwa kweli. Kafeini, iliyomo katika kahawa na chai, hufanya hivyo kwa kuziba mahali ambapo adenosini ingetua katika ubongo, na adenosini ndiyo kemikali inayojilimbikiza tangu mtu anapoamka na kuuarifu mwili kwamba umechoka. Kwa maneno mengine, kafeini haiondoi uchovu bali huuficha, na deni la usingizi lililofichwa hubaki palepale likisubiri kulipwa.

Mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa na vijana wengi wa Tanzania huiita gomba, ni majani na vikonyo vya mti ambao jina lake la kisayansi ni Catha edulis, na nguvu yake hutokana hasa na kathinoni, kemikali ambayo kwa umbo na kwa kazi inafanana sana na amfetamini ya viwandani. Kathinoni huufanya mwili umwage dopamini na noradrenalini kwa wingi, mapigo ya moyo yakaongezeka, mishipa ya damu ikabana na shinikizo la damu likapanda kwa saa kadhaa. Kwa kuwa kemikali hiyo huharibika upesi jani linaponyauka, mirungi hufungwa katika majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni ikiwa mbichi. Nchini Kenya mirungi ni zao halali la biashara, lakini nchini Tanzania imo katika orodha ya dawa za kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na tofauti hiyo ya sheria, kama itakavyoonekana, ina athari zake hata katika chumba cha daktari.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba mkoa wa Kagera, ilimo Wilaya ya Ngara, wenyewe una mapokeo ya kale ya kuchanganya kichangamshi na mitishamba. Wahaya huchuma buni za robusta zikiwa bado mbichi, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na buni hizo zilikuwa alama ya ukarimu kwa mgeni na kiungo cha undugu wa kuchanjiana damu. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na bado desturi hiyo ilidumu kwa karne nyingi bila kuwa janga, kwa sababu ilikuwa na kipimo: buni chache, mkononi mwa mwenyeji, katika mazungumzo ya watu waliokaa. Kilichobadilika leo ni kwamba kipimo kimetoweka, na kila muuzaji anaongeza cha kwake juu ya cha mwenzake.

Namna hatari inavyojengeka

Njia ya kwanza ni ya kujumlisha, ambapo vitu viwili vyenye kazi moja hukutana na kuzidishiana nguvu. Kopo la kawaida la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kafeini ya miligramu 80 hivi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hukadiria kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kustahimili hadi miligramu 400 kwa siku. Lakini virutubisho vingi vya mimea huwa na guarana, mbegu ya Amazon iliyojaa kafeini, bila lebo kumweleza mnunuzi kwamba guarana na kahawa ni mzigo uleule wenye majina mawili. Gome la yohimbe, linalotoka katika misitu ya Kameruni, Gaboni na nchi jirani na kuuzwa kwa wanaume, lina yohimbini, ambayo nayo hupandisha shinikizo la damu na kuuongezea moyo kasi. Anayelitumia huku akitafuna mirungi na kunywa kahawa hupigisha moyo wake mbio kwa viboko vitatu kwa wakati mmoja.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa kutokana na efedra, mmea ambao tiba ya Kichina imeutumia kwa karne nyingi kwa jina la ma huang. Ulipoingizwa katika vidonge vya kupunguza unene na kuongeza nguvu, mara nyingi pamoja na kafeini, taarifa za viharusi, mishtuko ya moyo na vifo zilianza kurundikana, na baada ya mchezaji wa besiboli Steve Bechler, mwenye umri wa miaka 23, kufariki Februari 2003, Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004. Ndugu wa karibu wa kemikali ya mmea huo, yaani sudoefedrini, yumo katika baadhi ya vidonge vya mafua, kwa hiyo hata mwenye mafua ya kawaida anaweza kuongeza kichangamshi cha nne bila kufahamu.

Njia ya pili hupitia ini na utumbo. Ini huvunjavunja dawa kwa kutumia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, na mmea ukivizuia vimeng'enya hivyo, dawa hurundikana katika damu hadi ikawa sumu, ilhali ukivichochea kupita kiasi, dawa hutoweka kabla haijafanya kazi. Theofilini, ambayo hutolewa kwa wenye pumu, huvunjwa na kimeng'enya kilekile kinachoivunja kafeini, na madhara yake ya kutetemesha mikono na kuuendesha moyo kasi yanafanana na ya kafeini. Utumbo nao huathirika: utafiti uliofanyika Yemen, nchi yenye watafunaji wengi wa mirungi, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kutafuna hupunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia mwilini, isipokuwa dawa inapomezwa saa mbili baada ya kutafuna. Mgonjwa wa namna hiyo humaliza dozi yake kwa uaminifu, asipone, kisha akailaumu dawa.

Njia ya tatu ndiyo iliyojificha zaidi, nayo ni ya chumvi za mwili. Mirungi hufunga choo, na mtu aliyefunga choo hukimbilia mitishamba ya kuharisha kama vile shubiri na sanamaki, ambayo ni dawa za kale zenye manufaa zikitumiwa kwa siku chache. Zikitumiwa kwa muda mrefu, hata hivyo, huufanya mwili upoteze potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige kwa mpangilio, na kafeini nyingi huongeza upungufu huohuo katika damu. Moyo uliokosa potasiamu na kuchochewa na kathinoni unaweza kuacha mdundo wake wa kawaida, hali ambayo huweza kuua ghafla.

Njia ya nne ni udanganyifu. Maabara za nchi nyingi zimekuta kwamba bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu ya nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitalini ambayo hupanua mishipa ya damu, na ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati hulishusha shinikizo la damu hadi kiwango cha hatari. Mnunuzi wa unga wa aina hiyo huamini kwamba anakula mzizi, ilhali anakula kidonge kisichojulikana uzito wake.

Neno «asili» na ukimya wa mgonjwa

Hoja inayosikika kila mahali, kwamba mitishamba haidhuru kwa kuwa ni ya asili, haisimami mbele ya ukweli mwepesi kwamba mirungi yenyewe ni jani, kafeini ni zao la mkahawa na efedra ni kichaka. Kusema hivyo si kuidharau tiba asili, ambayo taifa limeipa heshima yake kisheria kupitia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lililoundwa nayo, na kitaaluma kupitia utafiti ulioanza Muhimbili mwaka 1974 na kuzaa Taasisi ya Tiba Asili. Kuuheshimu mmea ni kukubali kwamba una nguvu, na chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru.

Tatizo kubwa zaidi, pengine, si kemia bali ni ukimya. Mwenye kutafuna mirungi humficha daktari kwa kuogopa sheria, mwenye kutumia dawa ya nguvu za kiume huficha kwa aibu, na mwenye kunywa dawa ya mganga huficha kwa hofu ya kukaripiwa; hivyo mhudumu wa afya hutibu nusu ya mgonjwa aliye mbele yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili anayeficha alichokunywa hapati tiba inayomfaa.

Kwa hiyo madaktari, wauguzi na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu hawana budi kuuliza swali hili kwa upole na bila vitisho: mbali na dawa za hospitali, umekula, umekunywa au umetafuna nini tangu jana? Waganga wa tiba asili waliosajiliwa waulize vivyo hivyo kabla ya kukabidhi chupa, na wamiliki wa malori wapange ratiba zinazompa dereva nafasi ya kulala, kwa kuwa mzigo unaotegemea mirungi kufika Rusumo umeshapangiwa safari isiyowezekana.

Msomaji naye ana wajibu wake. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, mjamzito, na anayemeza dawa kila siku, asianze kirutubisho chochote kabla ya kuuliza. Anayepata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila kutulia, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, au upande mmoja wa mwili kufa ganzi baada ya kutumia vitu hivi, awahishwe hospitali iliyo karibu, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, na wanaompeleka wachukue chupa, pakiti au majani aliyotumia na kuyaonyesha bila kuficha. Na dereva aliyefika Kasulo akiwa amechoka azime injini, afunge mlango na kulala, kwa maana hakuna mzizi, jani wala kopo linaloweza kufanya kazi ya usingizi.